Tufail, Mshika Mkanda wa Malerkotla

Watu wa Malerkotla hawakubaliani juu ya mambo mengi, ila juu ya Tufail wanakubaliana: hakuwa mchekeshaji. Mchekeshaji alikuwa Barkat. Tufail alikuwa akimpiga tu.

Ngoja niende polepole, maana wapo wasomaji ambao hawajawahi kukaa kwenye harusi zetu. Sisi Wamirasi tunachekesha watu harusini tangu enzi za manawabu, watawala wetu wa zamani, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Huingia wawili, mara nyingi bila kualikwa, wageni wakiwa wanasubiri chakula. Mmoja ana mkanda wa ngozi mkononi. Huyo ndiye mwenye akili, naye anauliza. Mwenzake ni mjinga, naye anajibu. Anajibu ovyo, anamtukana bwana harusi, baba mkwe na trekta ya baba mkwe, na kabla watu hawajaamua kama wakasirike, mkanda umeshamshukia mgongoni. Mkanda wenyewe umechanwa katikati ukawa ndimi mbili, kwa hiyo unalia sana na kuuma kidogo. Tusi limesemwa, tusi limelipiwa, watu wanacheka. Mwisho wawili hao huiombea heri nyumba ile, wanapewa chao, wanafungiwa na wali mtamu wa kupeleka nyumbani.

Tufail na Barkat walikuwa watoto wa ndugu wawili, wamelelewa ua mmoja. Barkat, mkubwa, alikuwa mfupi, na meno yake ya mbele yalibaki kwenye mkokoteni wa vitunguu alioudandia utotoni. Alipoambiwa akaweke ya bandia alisema pengo ndilo duka lake, nani anaziba mlango wa duka? Tufail alikuwa mrefu, mwenye sauti ya khatibu, na shati lake lilipigwa pasi hata siku za kazi ya kijijini ambako vumbi lingemkuta njiani. Kwa mkanda hakuwa na mpinzani. Hakuuwahisha hata kidogo, hakuuchelewesha hata kidogo. Barkat alikuwa akisema anaweza kusinzia katikati ya mzaha, mkanda utamwamsha mahali panapotakiwa.

Walikuwa wameshazoeleka wilaya nzima pale Madam Parminder alipowaona kwenye harusi mjini Khanna. Huyu alikuwa mwandaaji wa vipindi katika kituo kipya cha televisheni huko Mohali, mama wa haraka haraka, anayekunywa chai akiwa anatembea. Aliwaita wote wawili waje kujaribiwa.

Majaribio yalikwenda hivi. Barkat aliwekwa mbele ya kamera akaitazama kama mtu anavyotazama ndani ya kisima, kisha akaanza kuzungumza na aliyeishika. Walimwambia asimseme mpiga picha. Akamuuliza mpiga picha amekosana na nani humu ndani. Tufail alipowekwa mahali pale pale, alitazama alipoambiwa, akasema alichoambiwa, na akanyamaza alipoambiwa. Madam Parminder akamwita pembeni.

Barkat alikuwa anamsubiri kituo cha mabasi, ananunua karanga.

"Wamesemaje?"

"Wanataka mtu mmoja."

"Basi hiyo kazi ni ya kusoma taarifa ya habari, siyo yetu. Twende."

"Wananitaka mimi, kaka."

Barkat alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaacha. "Wewe? Wewe ukisema kitu cha kuchekesha, hata mama yako anakushika paji aone kama una homa."

"Wamesema nitauliza maswali tu."

"Nani atajibu?"

"Wageni. Waimbaji, wachezaji, waheshimiwa."

"Na wakijibu ovyo, utawachapa?"

Tufail angeweza kusema kule ndani kwamba wao ni wawili, wachukuliwe wote au waachwe wote. Hakusema. Basi la kwao lilikuwa limeshawasha injini. Barkat alimpa nusu ya karanga, akapanda, akakaa upande wa pili wa basi, mbali naye.

Kipindi kiliitwa Baraza la Vicheko, na kwa muda mrefu kilikwenda vizuri. Tufail alivaa koti la buluu, akakaa kwenye kiti chekundu kirefu kama cha bwana harusi, na jina lake likatokea kwenye kioo kwa herufi za dhahabu. Watu wa kucheka waliletwa kwa basi, wengi akina mama wa mitaa ya jirani, wakapewa sambusa na nauli. Pembeni alisimama bwana mmoja na ubao ulioandikwa CHEKENI. Akiuinua, wanacheka. Mara nyingine walicheka kabla mgeni hajafika, wakarekodiwa, kicheko kikawekwa akiba kama achari.

Hapa ndipo tabu ilipoanza kumea, ingawa hakuna aliyeiona. Kipindi kilihitaji utani, na Tufail kwa asili hakuwa nao. Basi akawa anachota ule wa Barkat aliousikia maisha yake yote. Anauliza mwenyewe, na likija jibu la mgeni analimalizia kwa tusi la mjinga. Kazi mbili kinywa kimoja. Waliokaa naye karibu wanasema kila akimaliza tusi, mkono wake wa kulia ulikuwa unainuka kidogo juu ya kiti kama wenye mkanda, kisha unatulia.

Siku moja mgeni alikuwa Jagrup Singh, mchezaji wa kabaddi, ule mchezo wa kukamatana, kutoka kijiji kimoja nyuma ya mji wa Sangrur. Kijana mpana kama mlango, kazi yake ilikuwa kukamata. Ila kwenye fainali ya msimu ule alimkamata mpinzani mguu, mguu ukamtoka, timu ikapoteza kombe. Jimbo zima lilikuwa limeiona.

Tufail akamuuliza, kwa sauti ile ile ya khatibu: "Jagrup-ji, sisi wengine hatuelewi mchezo. Ulimshika mguu, ukainama, ukamwachia, ukasimama. Ulikuwa unamkamata au unamwamkia kama babu yako?"

Maana kwetu mdogo huwaamkia wakubwa kwa kuwagusa miguu. Ubao uliinuliwa. Akina mama wakacheka. Jagrup naye alicheka, meno tu, na kipindi kikaendelea.

Lakini kule kijijini baba yake, Bachan Singh, alikuwa amealika watu. Televisheni ilitolewa uani, vitanda vya kamba vikapangwa, maziwa yakachemshwa kwenye sufuria la harusi. Neno lile lilimkuta mbele ya jirani zake wote, wakiwa na bilauri zake mikononi.

Asubuhi iliyofuata matrekta yalikuwa mbele ya lango la kituo. Hayakupiga kelele. Yalizimwa, yakapangwa, na kwenye matela wakakaa wazee na vijana wa kijiji kile, wakatandika magodoro, wakawasha jiko, wakachemsha chai. Sharti lao lilikuwa moja: mtangazaji aje kijijini na kitambaa shingoni, mikono imefumbatwa, aombe radhi. Hakuna gari la kituo lililotoka wala kuingia. Mwenye kituo alipiga simu akiwa Delhi. Madam Parminder aliipokea akiwa anatembea, na kwa mara ya kwanza akasimama.

"Tufail-ji," alimwambia, "usiniulize mimi kama ni haki. Jumapili ukae kwenye kiti kile, uombe radhi, wale watu waondoke. Wasipoondoka, Jumapili inayofuata kitakaliwa na mwingine. Ameshapatikana. Anaimba pia."

"Nitaomba, Madam. Andikeni, nitasoma."

Hakuwa mtu wa kiburi. Alichotaka ni kubaki kwenye kiti. Akachukua karatasi waliyomwandikia, akatoka mwenyewe langoni akamsomee baba yake Jagrup kwanza, ajue kama itamridhisha. Bachan Singh alikuwa juu ya tela, anamenya muwa kwa kisu. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Sardar-ji," akasema kwa heshima.

"Imeandikwa vizuri. Peleka shule." Akakata kipande cha muwa akakitafuna. "Wewe si Mirasi?"

"Mirasi wa Malerkotla."

"Harusini kwangu walikuja Wamirasi wawili. Walisema baba yangu ni bahili mpaka kivuli chake anakikunja akiingia ndani. Mbele ya wakwe. Unajua baba yangu alifanya nini? Aliwaongeza rupia. Maana yule aliyesema alichapwa mpaka baba akasema basi, mwacheni masikini, kasema kweli." Watu kwenye tela wakacheka. Mzee hakucheka. "Sasa wewe umemtukana mwanangu mbele ya nchi nzima. Nakuuliza swali dogo tu. Nani amekuchapa?"

Tufail aliikunja karatasi yake.

"Hakuna, Sardar-ji."

"Ndiyo ujue. Mimi sina ugomvi na utani. Tusi lako halijalipiwa, bado liko uani kwangu limekaa kwenye kitanda. Radhi ya karatasi kaisokotee sigara."

Siku ile ile Tufail alipanda basi la Malerkotla. Barkat hakuwa ameacha kazi; aliendelea harusini na shemeji yake, mtu mwema, muuza rangi za ukutani, aliyeshika mkanda kwa sababu hakukuwa na mwingine. Rashidan, mke wa Barkat, ndiye aliyefungua mlango. Alimtazama Tufail juu mpaka chini, kisha akageuka kusema na mumewe aliyekuwa ndani.

"Mtu wa televisheni kaja. Nimzime au nimwache?"

"Punguza sauti tu, umwache."

Tufail akaingia. Alikaribishwa chai, akaulizwa habari za kila mtu isipokuwa zake. Mwisho akasema mwenyewe: mzee, matrekta, kiti, Jumapili. Barkat alisikiliza akiwa anachovya mkate mkavu kwenye chai, maana mkate mkavu ulikuwa hauwezani na pengo lake.

"Ule utani wa kuamkia," alisema, "wangu."

"Wako, kaka."

"Niliusema Barnala, kwa yule mpiga mwereka aliyeanguka. Ukanichapa bega la kushoto."

"La kulia."

"Lilikuwa langu, najua lipi." Akanywa chai. "Na yule mpiga mwereka alinikumbatia. Sasa unataka nini?"

"Njoo Jumapili unichape. Wewe ushike mkanda, mimi niwe mjinga."

Barkat aliweka kikombe chini. "Tufail, mimi sijui kuchapa. Nimechapwa tangu sijaota ndevu; ukinipa mkanda nitajichapa mwenyewe kwa mazoea. Na wewe ujinga huuwezi. Utasimama pale kama karani anayekubali kosa. Watakuonea huruma, na anayeonewa huruma hachekwi."

"Basi nimekwisha."

"Umekwisha kwa nini, hata sijasema nakataa?" Akamgeukia mkewe. "Rashidan, koti langu la Idi linanikaa kama lake?"

"Lake ni la buluu. Lako ni la aibu."

"Atanipa lake." Akamgeukia Tufail tena. "Nitakaa kwenye kiti chako. Nitakuwa wewe. Wewe simama na mkanda mahali pako pa siku zote, uniulize kama unavyojua. Atakayechapwa ni mtangazaji Tufail. Atakayechapa ni Tufail pia. Mimi nakopesha mgongo tu."

"Na ukiwa mimi, utasema nini?"

"Hilo hukuwahi kuniuliza hata siku moja. Usianze leo."

Jumapili Madam Parminder hakuleta basi la akina mama. Aliwafungulia lango watu wa matrekta, nao wakaingia na vilemba vyao na vumbi lao, wakajaza viti vyote. Bachan Singh akawekwa mbele, na Jagrup pembeni yake. Bwana wa ubao alisimama mahali pake akiwa ameuegemeza ukutani, hajui aushike au auache.

Barkat alitoka na koti la buluu. Mikono yake ilipotelea ndani ya mikono ya koti. Alikaa kwenye kile kiti, miguu haikugusa chini. Akarekebisha tai, akainamisha kichwa upande mmoja, akatabasamu na pengo lake, akasema kwa sauti ya khatibu mwenye mafua: "Karibuni. Mimi ni Tufail. Nina akili kuliko jana." Kwenye viti mtu mmoja alikohoa kicheko.

Tufail aliingia na mkanda. "Bwana mtangazaji, jina lako naliona kwenye kioo kwa dhahabu. Dhahabu ya nani?"

"Ya mke wangu. Ndiyo maana siendi nyumbani."

Mkanda ulilia. Watu wakacheka, bado kwa tahadhari.

"Ulimwambia Jagrup Singh aliushika mguu akauamkia. Wewe kabaddi umecheza?"

"Nimecheza."

"Upande gani?"

"Upande wa nje. Nalinda viatu vya wachezaji."

Mkanda. Sasa wale vijana wa nyuma walikuwa wanapigana viwiko. Tufail aliuliza kama amewahi kumkamata mtu yeyote. Barkat akasema aliwahi kumkamata kuku, lakini kuku aliomba radhi. Tufail akauliza kwa nini maswali magumu huyakwepa. Barkat akarekebisha tai, akasema: "Tutarudi baada ya matangazo," akafumba macho akasubiri, na mkanda ukamkuta hapo hapo. Bachan Singh alikuwa ameshika magoti yake, mabega yanamtikisika, uso bado mkali.

Kisha Tufail akauliza swali ambalo, kwa jinsi mazungumzo yalivyokuwa yanakwenda, mshika mkanda yeyote angeliuliza. Lilimtoka kwa mazoea.

"Wanasema zamani mlikuwa wawili. Mwenzako yuko wapi?"

Barkat alirekebisha tai. "Nilikuwa naye," alisema kwa sauti ya Tufail. "Nilimshika vizuri kabisa. Tukafika Mohali, nikamwachia, nikasimama. Watu wakasema nimemtupa. Sikumtupa. Nilikuwa namwamkia."

Mahali pa mkanda palikuwa pale. Hata mgeni wa kazi hii angepaona. Tufail alikuwa ameuinua, na mkono haukushuka. Madam Parminder akaacha kutembea, bwana wa ubao akaushika ubao wake.

Barkat akageuza shingo taratibu, akautazama mkanda uliokuwa hewani, akasema kwa sauti yake mwenyewe: "Chapa basi, ndugu yangu. Hata shemeji angekuwa ameshachapa."

Ukaanguka. Ulichelewa kuliko mkanda wowote aliowahi kuupiga, na kicheko kilichokuja hakikungoja ubao. Jagrup alijiinamia mpaka paji la uso likagusa kiti cha mbele. Bachan Singh alifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Kachapwa mwingine, lakini," jirani yake mmoja alinong'ona.

"Macho yako yako wapi?" mzee akamjibu. "Wamechapwa wote wawili. Twendeni, tuna ngano ya kumwagilia."

Wale wawili hawakuwaruhusu kutoka mpaka waiombee heri nyumba ya Bachan Singh, vizazi vyake na mashamba yake, kama desturi ilivyo. Hapo kituo kilitaka kukata kwa ajili ya matangazo. Madam Parminder alikataa.

Kipindi kilipokwisha, simu za kituo hazikutulia, na wengi waliuliza jambo moja: yule mwenye pengo ni nani? Kesho yake Barkat aliitwa ofisini peke yake. Tufail alibaki kwenye korido, karibu na chumba cha kupakia poda, kwenye benchi wanalokaa wageni. Alijua kinachosemwa mle ndani. Aliwahi kukisikia mwenyewe, kwa mama yule yule.

Barkat alitoka akiwa na kikombe cha chai cha ofisi, hajui akirudishe wapi.

"Wamenipa kiti," alisema.

"Hongera, kaka."

"Nimekikataa. Nimewaambia kitolewe. Mtu wa kuchapwa hakai. Akikaa mgongo unafichika. Wakaniuliza kama nitaweza peke yangu. Nikawaambia mimi bila wa kuniuliza ni mwendawazimu anayejisemea, watanipeleka Amritsar hospitali."

Tufail akasema: "Umenitetea."

"Nimejitetea. Shemeji ana mkono mzito, na amekataa kuacha duka." Akaweka kikombe juu ya benchi. "Ila kuna jambo. Wanasema kwenye kioo pana nafasi ya jina moja tu. Wanasema watazamaji hushika jina moja. Wameniambia nikuulize liwe la nani."

Hilo ndilo lililokuwa limebaki. Tufail alitazama mlango wa ofisi, na Barkat hakumsaidia kwa neno wala kwa mzaha. Ndani, Madam Parminder alisikika akitembea huku na huku.

"Waandike lako," Tufail alisema.

"Dhahabu?"

"Rangi yoyote. Muulize shemeji, yeye ndiye anauza."

Barkat alimtazama kama mtu aliyesikia jogoo akiadhini. Halafu akacheka mpaka karani mmoja akachungulia. Huo, kwa kadiri ninavyojua mimi na watu wa mtaani kwetu, ndio utani wa kwanza wa Tufail mwenyewe.

Kipindi kiliendelea kwa miaka, kiti hakikurudi, na kwenye kioo lilitokea jina la Barkat Ali peke yake. Baadaye kituo kilianza mashindano ya waimbaji na wao wakarudi harusini, wakilipwa vizuri zaidi kuliko zamani kwa kuwa watu wamewaona. Tufail ana mvi sasa. Akisafiri kwa treni hutokea mtu akamkazia macho, akashindwa kulikumbuka jina lake, akamuuliza: "Samahani, wewe siye yule anayemchapa Barkat?" Naye husogea kidogo kumpisha mtu huyo akae, akasema, "Ndiye mimi."